Jibu kwa dada wa sare za shule: chora tu, na andika kwa herufi kubwa

Dada habari za leo, nimesoma swali lako asubuhi nikaona nikijibu kwa mistari miwili nitakuwa sijakutendea haki. Kwa waliochelewa kufika, dada anashona sare za shule, ana mawazo mengi ya kukuza kazi yake, kuongeza mashine ya ovaloki ya kuziba kingo za kitambaa, kuomba tenda za shule binafsi, kushona mashuka na mapazia msimu wa sare ukiisha, ila kila akikaa kuandika mpango anajaza kurasa mbili za kaunta buku halafu anakwama na kichwa kinakuwa kizito kuliko alivyoanza. Mtu kamshauri achore badala ya kuandika, yeye anasema kuchora hajui tangu shule ya msingi na mwandiko wake mbaya, sasa anauliza hii kitu inafanya kazi kweli au ni maneno ya semina tu, na je anunue tableti.

Inafanya kazi dada, na nakwambia kama mtu niliyekulia kwenye rangi. Mjomba wangu alikuwa anaandika mabango hapa Morogoro, enzi hizo bango linaandikwa kwa brashi, haya ya kuprinti hayajashika mji, na sisi watoto wa nyumbani likizo tulikuwa tunashinda kibandani kwake. Kazi yangu ilikuwa kushika uzi. Unaupaka uzi chaki, mmoja anashika huku mwingine kule, unauvuta katikati unauachia, mstari unatoka umenyooka ubao mzima, mstari wa juu na mstari wa chini. Halafu mjomba anahesabu herufi, maana M na W zinakula nafasi na I haili kitu, anatafuta herufi ya katikati anaanzia hapo kwenda pembeni ili maneno yasije kubanana mwishoni. Ila somo kubwa lilikuwa kwenye maongezi ya kabla brashi haijaguswa.

Alikuja mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi na karatasi yake kaandika maneno kama risala, tunauza saruji, nondo, mabati, misumari, rangi, vitasa, mabomba, bei nafuu, huduma bora, karibuni wateja wote. Ubao wenyewe futi nne kwa mbili. Mjomba akamuuliza, "Mzee wangu, mtu yuko kwenye Hiace inapita, atasoma nini hapo?" Mzee akasema asome yote. "Yote hawezi, atasoma maneno matatu. Nipe hayo matatu." Aisee yule mzee alinyamaza. Akatoka nje akasimama barabarani anauangalia ubao mtupu, akarudi, akasema saruji na nondo, halafu akaanza kutueleza mwenyewe bila kuulizwa kwamba kumbe vitasa na rangi vinamkalia tu miezi na miezi, hela yake inayozunguka ni saruji na nondo. Bango likatoka SARUJI NA NONDO kwa herufi za futi nzima, chini kwa herufi ndogo vifaa vyote vya ujenzi. Yaani mtu kaja kuandikiwa bango kaondoka ameijua biashara yake.

Ndiyo maana nakwambia anza na herufi kabla hata ya kuchora. Ukiandika kwa mwandiko wa haraka maneno ni ya bure, unamwaga tu, sentensi inazaa sentensi na unajiona unafikiri kumbe unazunguka. Ukiandika herufi kubwa, moja moja, umepiga mistari miwili ya penseli na unaijaza taratibu, kila neno linakugharimu nafasi na muda na mkono unauma, sasa akili inaanza kuuliza hili neno nalihitaji kweli? Wenye kanga wanalijua hili siku nyingi. Kanga ina pindo, ina mji, halafu ina jina, na jina ni mstari mmoja tu wa herufi kubwa. HASIDI HANA SABABU. Maneno matatu na ugomvi wa mtaa mzima umeingia humo, kila anayesoma anajua nani anaambiwa. Ile nafasi ndogo ya pale chini ndiyo inayolazimisha jina liwe kali.

Kwa hiyo kila wazo lako lipe bango lake, karatasi moja, maneno yasizidi matano. Na usikubali maneno ya semina kama MASOKO, MTAJI, CHANGAMOTO, hayo yanapendeza kwenye mpango ila hayaonyeshi kitu. Ukitaka kuandika MASOKO jiulize ni nani hasa, utajikuta unaandika WAZAZI WA DARASA LA KWANZA, hao una sura zao, unajua wanakuja lini na wanalalamika nini. Neno ambalo huwezi kulionyesha mahali pake kwenye karatasi mara nyingi ni neno ambalo bado hujaamua linamaanisha nini. Na mwandiko mbaya hapa hauna shida kabisa, herufi kubwa za kunyooka ni mistari na nusu duara tu, mtu yeyote aliyewahi kuandika jina lake kwenye ndoo anaziweza.

Sasa kuchora. Kichwa cha binadamu kinashika vitu vichache sana kwa wakati mmoja, kuna mwanasaikolojia Mmarekani anaitwa Nelson Cowan mwaka 2001 alipitia majaribio mengi akasema ni kama vinne hivi, wewe unataka kushika bei ya jora, mashine, mafundi wawili, ada ya mtoto, tenda ya shule na msimu wa Januari vyote kwa pamoja, lazima kichwa kigome. Kurasa za maneno hazikusaidii sana kwa sababu ukifika ukurasa wa pili wa kwanza huuoni. Kwenye mchoro vyote viko mezani mbele yako, jicho linaruka kutoka huku kwenda kule, na kichwa kinabaki na kazi moja ya kuangalia nini kinagusana na nini.

Nikupe mfano wa kwetu. Mimi sikubaki kwenye mabango, sasa hivi tuna karakana ndogo ya madirisha ya aluminiamu. Kuna kipindi wateja walikuwa wanalalamika tunachelewesha, na vijana wanasema wanafanya kazi mpaka usiku, na kweli walikuwa wanafanya, kila mtu ana maelezo yake na kikao kikawa cha kulaumiana. Nikabandika karatasi ya manila ukutani, nikachora viboksi vitano kwa maka peni, KUPIMA, KUKATA, KUUNGANISHA, KIOO, KUFUNGA, na mshale kutoka kimoja kwenda kingine. Halafu nikaomba kila mtu achore kimraba kidogo kwa kila dirisha lililoko karakana siku ile, akiweke pale lilipo. Hakuna aliyebishana. Mbele ya KUKATA vimraba viwili, mbele ya KUUNGANISHA vitatu, mbele ya KIOO ukuta ukajaa mpaka tukakosa pa kuchora. Fremu zimekamilika zimeegemea ukutani zinasubiri kioo, maana kioo tulikuwa tunaagiza fremu ikishakwisha.

Tukakaa kimya tunauangalia. Kijana mmoja ambaye vikaoni haongei kabisa akainuka akachukua peni akachora mshale mrefu uliopinda kutoka KUPIMA unapita juu unaenda moja kwa moja KIOO. Hakusema neno. Alikuwa anamaanisha kwamba kwa zile saizi zinazojirudia rudia, ukishapima unajua kioo kitakuwa kiasi gani ukitoa unene wa fremu, kwa hiyo kioo kiagizwe siku ileile ya kupima, wakati fremu inakatwa kioo kiko njiani. Saizi za ajabu ajabu tukaziacha kwa utaratibu wa zamani maana ukikosea milimita chache kioo umekitupa. Ule mshale ndio tunaofanyia kazi mpaka leo na ile manila ipo ukutani na madoa yake. Naomba uone kitu hapo dada, lile wazo jipya lilikuja kwa sababu kulikuwa na nafasi wazi kwenye karatasi kati ya kiboksi cha kwanza na cha nne, mtu akaona kwamba pale mshale unaweza kupita. Kwenye maelezo ya maneno ile nafasi haionekani, maneno yanafuatana tu, la kwanza la pili la tatu.

Na yule kijana asingeongea. Hili nimeliona pia kijijini kwa bibi yetu, kwenye mikutano ile ya kupanga maendeleo ya fursa na vikwazo, wanachora ramani ya kijiji chini kwenye vumbi kwa fimbo, barabara kwa majivu, nyumba kwa mawe, shule kwa jani. Mwenyekiti akiongea mbele ya meza kila mtu anaitikia. Ramani ikiwa chini wanainama wote, na nilimwona bibi mmoja ameshika jiwe la kisima analisogeza upande wa pili wa mto huku anasema hicho cha huku kiangazi hakuna maji msitudanganye. Kubishana na mwenyekiti ni kazi, kusogeza jiwe kila mtu anaweza.

Kuhusu hujui kuchora. Darwin, yule wa nadharia ya viumbe kubadilika, daftari lake la mwaka 1837 lina mchoro wa mti ambao ukiuona utasema kachora mtoto, vijiti tu vimetawanyika na herufi A, B, C, D kwenye ncha, juu kaandika kwamba "nadhani". Kitabu chake kikatoka 1859. Miaka 22 baadaye, na wazo zima la viumbe kuwa na babu mmoja na kugawanyika kama matawi lilikuwa tayari lipo kwenye vile vijiti. Na watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada walichapisha 2016 majaribio ambayo watu walipewa maneno, mengine wayachore, mengine wayaandike, baadaye wakaambiwa wakumbuke, waliyoyachora wakayakumbuka zaidi kwa mbali, hata pale walipopewa sekunde nne tu za kuchora, na sekunde nne hapo hakuna anayetoa picha nzuri. Kinachofanya kazi ni kwamba ili uchore kitu lazima uamue kikoje, kina nini, kinaanzia wapi. Ukiandika neno kiti unaweza usifikirie kiti chochote, ila huwezi kuchora kiti bila kuamua miguu iko wapi.

Halafu wewe ni mshonaji dada! Kila siku unachora kwa chaki juu ya kitambaa, unaona nguo ikiwa bado vipande bapa, kiuno hapa mkono pale, na ukikosea mstari kitambaa kimeenda. Huo uwezo wa kuona kitu kabla hakijawepo wengi wetu hatuna. Unaposema hujui kuchora unamaanisha hujui kuchora sura ya mtu, na hiyo huihitaji hapa.

Mimi ningekuwa wewe ningeanza na mwaka. Piga mstari mmoja katikati ya karatasi kutoka kushoto kwenda kulia, ugawe miezi 12. Juu ya kila mwezi simamisha mnara wa kazi ulizopata, usihesabu kwa shilingi kwanza, kwa macho tu, Desemba na Januari minara mirefu, Machi mfupi, na kadhalika. Chini ya mstari fanya hivyohivyo kwa hela inayotoka, majora, kodi ya fremu ya biashara, mafundi, ada. Sijui utaona nini maana biashara ni yako, ila angalia sana pale ambapo mnara wa chini ni mrefu na wa juu ni mfupi, wazo la mashuka na mapazia lipeleke pale uone kama linajaza shimo au linaangukia mwezi ambao tayari umebanwa. Nina wasiwasi na ile ya tenda pia, chora mishale miwili, mmoja wa kitambaa kinachotoka kwako kwenda shule na mmoja wa hela inayorudi, na juu ya kila mshale andika siku ngapi. Kama shule inalipa baada ya muhula na wewe jora unanunua taslimu utauona huo urefu kwenye karatasi kabla haujakuumiza mfukoni.

Kila mshale uandikie neno la kitendo, ANALIPA, ANASUBIRI, ANARUDISHA. Mshale mtupu unaweza kumaanisha chochote na kesho utakuwa umesahau. Rangi tumia mbili tu, moja ya vitu moja ya hela. Ukijaza karatasi chukua nyingine uchore upya kutoka kichwani bila kuangalia ya kwanza, kile utakachosahau mara nyingi hakikuwa muhimu, na kile kitakachorudi kikubwa zaidi ya mwanzo kiangalie vizuri. Usifute, kata kwa mstari mmoja ili uone ulipotoka. Hesabu zenyewe za faida na hasara bado fanya kwa namba, mchoro unakuonyesha wapi pa kuhesabu, kukupa jumla hauwezi.

Tableti kwa sasa usinunue. Hela hiyo iweke kwenye ovaloki. Karatasi za A4 zilizotumika upande mmoja omba steshenari yoyote ya kutoa kopi wanazitupa, manila na maka peni ni hela ndogo, na karatasi kubwa ukutani mafundi wako wanaiona kila wakipita na wanaweza kuongeza mshale wao, kwenye tableti ingebaki ndani ya mkoba wako. Ukimaliza ule wa mwaka piga picha uweke hapa, ziba tu majina ya shule, tuangalie pamoja maana wapo humu wanaojua tenda kuliko mimi.