Maji ya ukungu: pima kwanza, wavu baadaye

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kukinga maji ya ukungu huanzia kwenye wavu: upi ni bora, wa mita ngapi, nguzo ziwe za nini. Mimi humuuliza ukungu wao ukiondoka hukaa muda gani kabla ya kurudi. Nimeshughulika na nyavu hizi kwa muda wa kutosha kuamini kwamba jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama watu watapata maji ya kutegemea.

Ukungu ni wingu lililogusa ardhi. Vitone vyake, vya takriban maikromita 1 hadi 40 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ni vyepesi mno kuanguka kama mvua. Upepo ndio unaovibeba. Vikigonga uzi hunasa, huungana, vikishakuwa vizito huteremka hadi kwenye mfereji chini ya wavu. Ndiyo maana ukungu uliotulia bondeni, hata uwe mzito namna gani, hautoi maji ya maana. Tafuta mgongo wa mlima au shingo kati ya vilele viwili, pale wingu linapopita likisukumwa. Tazama miti pia: ardhi ikiwa imelowa chini ya matawi na mvua haijanyesha, mti umeshakufanyia nusu ya utafiti. Katika kisiwa cha El Hierro, kwenye Visiwa vya Kanari, wenyeji walikunywa maji yaliyodondoka kutoka mti mmoja ulioitwa Garoé, hadi dhoruba ilipouangusha mwaka 1610.

Ukishapata mahali, usijenge bado. Simamisha wavu wa kupimia wa mita 1 kwa mita 1, ukingo wake wa chini uwe mita 2 kutoka ardhini. Kipimo hicho kilipendekezwa na watafiti wa ukungu Robert Schemenauer na Pilar Cereceda mwaka 1994, na faida yake ni kwamba unaweza kulinganisha matokeo yako na ya wengine. Elekeza wavu uso kwa uso na upepo unaoleta ukungu. Andika lita za kila siku kwa mwaka mzima, na siku ambayo hukupata hata tone andika sifuri. Nasisitiza sifuri kwa sababu watu huziruka, wakidhani hazina habari.

Hizo ndizo zenye habari kubwa kuliko zote. Mahali pazuri hutoa wastani wa lita 3 hadi 10 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Wavu wa mita za mraba 40 wenye wastani wa lita 4 utatoa lita 160, na mtu anayetumia lita 100 kwa siku atajiona tajiri. Lakini wastani haunyweki. Kama daftari lako linaonyesha siku 20 mfululizo za sifuri, unahitaji tangi la lita 2,000 lililojaa kabla ya kipindi hicho kuanza, na nyongeza ya tahadhari juu yake. Fedha ikiwa haitoshi, punguza ukubwa wa wavu kuliko kupunguza tangi.

Wavu wenyewe si kitu cha ajabu. Ule wa plastiki wa kutilia miche kivuli, unaozuia asilimia 35 ya mwanga, unafaa sana ukiwekwa safu mbili: upepo huzisuguanisha na maji hushuka upesi. Matundu yakibana mno, hewa huuzunguka wavu badala ya kupita ndani yake. Mfereji usogeze kidogo nyuma, upande ambao upepo unasukumia matone, la sivyo mengi yataangukia chini. Mpasuko ushone siku hiyo hiyo uuonapo, maana usiku mmoja wa upepo mkali unatosha kuufanya kuwa mlango.

Maji ya ukungu kwa kawaida ni safi, ila wavu hukusanya vumbi na vinyesi vya ndege siku za ukavu. Maji ya kwanza baada ya kipindi hicho yamwage. Tangi lifunikwe lisiingie mwanga wala mbu. Kabla ya kunywa, yapeleke yakapimwe, hasa kama karibu kuna viwanda au migodi, na yatibu kwa klorini au kwa kuyachemsha.

Jambo la mwisho ni la watu. Chungungo, kijiji cha wavuvi nchini Chile, kilianza kupokea maji ya ukungu mwaka 1992 kutoka mlima wa El Tofo, wastani wa lita 15,000 hivi kwa siku. Ukungu haukukoma, lakini matunzo yalilegea, nyavu zikachakaa, na kijiji kikarudi kwenye maji ya malori. Kwa hiyo kabla ya kuchimba shimo la nguzo ya kwanza, kubalianeni nani atapanda mlimani kukagua kamba, atalipwa na nani, na fedha ya wavu wa kubadilishia itawekwa wapi. Wafundisheni angalau wawili kushona na kukaza, ili mmoja akihama kazi isisimame.