Nondo wapya hawaji kwenye taa tu

Fundi ujenzi, jirani yangu, aliposikia naorodhesha nondo wa nyumbani aliniuliza, "Za milimita ngapi?" Nikamwonyesha shuka jeupe kwenye kamba ya nguo, limejaa wadudu wa usiku, ndugu wa vipepeo, ambao naorodhesha kila aina inayofika kwetu. Akaondoka anacheka.

Hapa Morogoro nilianza na shuka hilo na balbu ya LED ya barazani. Miezi miwili wageni walewale. Balbu za aina hiyo karibu hazitoi miale ya urujuanimno, mwanga ambao macho yetu hayauoni, na ndiyo inayowavuta nondo zaidi. Nikanunua taa ndogo ya kukagulia noti bandia, ile ya mawakala wa pesa, na orodha ikaanza kusogea. (Usiikodolee macho.) Chagua usiku wa giza, wenye joto na unyevunyevu. Kumbikumbi wakitoka, lala tu. Watajaza shuka lote.

Halafu kuna mijusi kafiri. Siku moja alitua nondo wa kijani ambaye sikuwa nimemwona kabla. Nikakimbilia ndani kuchukua simu. Narudi, bawa moja liko sakafuni na mjusi bado anatafuna. Siku hizi simu haitoki mfukoni, na napiga picha kabla sijashangaa: mgongo, ubavu, na rula kando yake. Tarehe na saa naandika palepale, maana kesho utadanganya bila kukusudia.

Ila walionifurahisha zaidi niliwapata mchana, kwenye matembele. Mama alikuta kiwavi mnene mwenye pembe nyuma, akavua kandambili. "Mama, niachie huyo." Nikamtia kwenye ndoo yenye udongo, nikafunika kwa kipande cha chandarua, nikamlisha matembele kila asubuhi hadi akajichimbia. Pupa lake, yaani umbo la kati kabla kiwavi hajawa nondo, lilikuwa la kahawia, lina kitu kama mkono wa birika: ala ya mrija wake wa kunyonyea maua. Siku ya 19 akatoka nondo wa kijivu mwenye pingili za waridi tumboni, kwa jina la kisayansi Agrius convolvuli. Kwenye shuka sijampata hata leo.

Majina usiyalazimishe. Picha zangu naziweka iNaturalist, tovuti ambako watu husaidiana kutambua viumbe, na wale wadogo wa kahawia wengi hubaki na jina la familia tu, yaani kundi kubwa la aina zinazohusiana. Baadhi hata mtaalamu hawezi kuwatenganisha bila kupasua viungo vya uzazi chini ya hadubini.

Sasa ndoo zimefika tatu, na mama ananidai mboga yake.