Wanangu wanasema najichuria

*Shangazi, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Korogwe. Nina miaka 57, ni mjane mwenye watoto watatu. Mama yangu alipigwa kiharusi nikamuuguza miaka sita, na mgongo wangu haujapona mpaka leo. Nimebakiza miaka mitatu nistaafu. Nilipowaomba wanangu tuzungumze nani atanitunza nikishindwa kujitunza, wale wawili wa kiume walinikatiza: "Mama, unajichuria." Mkubwa akaongeza kwamba mkupuo, yale mafao yanayolipwa kwa mara moja mtu akistaafu, ukitoka tununue Coaster. Binti yangu wa mwisho alinyamaza. Nimekosea kuwaambia?*

Mdogo wangu, hujakosea hata kidogo. Wanao walikukatiza kwa hofu. Mtoto akisikia mama anataja kulala kitandani, yeye anauona msiba, turubai na viti vya kukodi. Wasamehe, ila usinyamaze.

Mimi aliyenishughulisha zaidi katika barua yako ni huyo binti. Alikuwepo ulipokuwa unamgeuza bibi yake usiku. Nina hakika alichota maji na alifua zile kanga. Katika nyumba zetu hakuna kikao kinachomteua binti kuwa muuguzi. Siku mzee anapoanguka, watu humgeukia yeye kwa macho tu, na mambo yamekwisha. Kaka zake watatuma hela kwa simu na kuuliza "Mama anaendeleaje?", yeye ataacha kazi. Kunyamaza kwake kule usikuhesabu kuwa ni kukubali.

Mama yangu mimi alipopooza, tulikuwa watoto watano na nilikuwa natoka kazini saa kumi jioni. Mchana alikaa na mke wa kaka yangu, mwanamke mwema kabisa. Wiki ya pili nikagundua mama hanywi maji. Alikuwa anajizuia ili asiende haja mpaka nirudi, kwa sababu aliona haya kuoshwa na mkwewe. Midomo ilikuwa imempasuka kwa kiu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza, angali mzima, nani angemridhia amwone uchi wake. Ndiyo maana nakwambia: atakayekuosha mchague wewe, sasa hivi ukiwa bado unajiosha mwenyewe.

Kabla ya kikao chochote, kaa na binti yako peke yenu. Usimuulize "utaniuguza?", maana hilo mtoto hawezi kulijibu hapana. Muulize aliona nini wewe ulipokuwa unamuuguza bibi, kisha msikilize mpaka amalize. Akisema hataweza, pokea bila kununa. Akisema ataweza, basi iandikwe kwamba kazi ile ina malipo na mapumziko, na kwamba kaka zake kila mmoja ana wiki zake za kuja kukaa, siyo kutuma hela tu. Na umfikirie kwenye wasia pia. Miaka atakayoacha kazi haitarudi.

Sasa pesa. Wewe ni mtumishi wa umma, mafao yako yako PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma. Tangu 2024 mkupuo umepandishwa kutoka asilimia 33 hadi 40, na sehemu inayobaki utalipwa kama pensheni ya kila mwezi. Hiyo ya kila mwezi ihesabu tangu leo kuwa mshahara wa msaidizi wako wa baadaye. Mkupuo uguse nyumba kwanza. Coaster inaweza kulala gereji mwezi mzima ikisubiri kipuri. Mgonjwa anahitaji pampasi za watu wazima kila siku, na sabuni, na mafuta ya kumkanda, na nauli ya hospitali. Mwambie mwanao kwa upole kwamba hiyo ndiyo hela ya kumwepusha yeye na kukopa baadaye. Asipokuelewa mara ya kwanza, mwambie tena.

Usitegemee kwamba serikali itaziba pengo. Makazi ya wazee kama Nunge kule Kigamboni au Njoro kule Kilimanjaro yapo, lakini yamewekwa kwa wazee wasiojiweza wasio na ndugu wa kuwatunza. Bima nayo inashughulika na matibabu. Kabla hujakabidhi ofisi, waulize NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, kadi yako itaendeleaje baada ya kustaafu. Lakini mtu wa kukugeuza kila baada ya saa mbili usiku kucha ili usitoke vidonda mgongoni, huyo ni wa kumtafuta na kumlipa wewe.

Kuhusu nyumba: choo chako kiko wapi? Kama ni cha nje na cha kuchuchumaa, magoti ndiyo yatakayokukataa kwanza, kabla hata ya kiharusi. Weka choo cha kukaa ndani, mlango upanuliwe kiti mwendo kipite, ukutani fundi akufungie bomba la kushikia, na kizingiti kivunjwe. Anza hayo mshahara ungali unaingia, yatakayobaki yamalizwe na mkupuo. Na chumba chako kiwe kile kinachotazama uani watu wanapopita, usikubali kuwekwa cha nyuma karibu na stoo.

Karatasi zitakuchukua siku mbili tatu. Wasia andika, RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanaandika na kuhifadhi. Ila kumbuka wasia unaanza kusema ukishafariki, na ile miaka sita mama yako aliyolala ilikuwa miaka ya uhai. Kwa hiyo mwone pia mwanasheria, akuandalie hati ya kumpa mtu mmoja unayemwamini mamlaka ya kusimamia mambo yako, na akueleze mipaka yake ikitokea akili imechoka.

Kwenye kikao muite na kaka yako au mzee yeyote wanayemheshimu, ili neno "unajichuria" lisipate nafasi ya pili. Nunua daftari moja la mistari, andika kwa mwandiko wako wa ubaoni: nani aniogeshe, nani asiniogeshe, nani ashike kadi ya benki, nani anakuja mwezi gani. Likizo ya Juni wakija na wajukuu, subiri chai iishe, lifungue, na uwasomee kwanza ule ukurasa wa kuogeshwa.