Nimetafuta "utoro" kwenye ensaiklopidia ya elimu nimekosa, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo dada mkutubi. Nasoma ualimu hapa Mwanza, utafiti wangu ni utoro shule za msingi huko Igombe kwenye mialo ya dagaa. Maktaba nimekuta ensaiklopidia ya elimu juzuu 10, nimepekua jioni nzima sijaona kitu, na haziazimwi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Seti kama hizo usianze juzuu ya kwanza, faharasa kwa kawaida inakaa juzuu ya mwisho, anza hapo, itakupa neno na juzuu na ukurasa ndo uende kufungua.

Alafu neno lenyewe. Sisi tukisema utoro tunachanganya mawili, mtoto anaekosa siku kadhaa akarudi na yule aliyeacha shule kabisa, ila kwenye hivyo vitabu yamegawanywa, wa kwanza mtafute kwenye "truancy" na "absenteeism", wa pili "dropout", na kama seti ni ya miaka ya 80 angalia na "wastage" maana enzi hizo ndo walivyokuwa wanaita. Na kwa Igombe hiyo tofauti ni kubwa sana yani, dagaa wanavuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika, kwa hiyo mtoto anaweza kukosa siku za giza zote alafu akarudi darasani, ukimhesabu kaacha shule utafiti wote umepinda.

Ukiipata makala, nenda mwisho wake kwenye orodha ya marejeo, hiyo ndo mali yenyewe, nakili yote. Kisha rudi kwenye rafu, na usigande kwenye vitabu vya namba 370 tu kisa unasoma elimu, pita 306.43 sosholojia ya elimu na 331.31 watoto wanaofanya kazi.

Takwimu usichukue kwenye ensaiklopidia, zimeshazeeka. Ulizia BEST, kile kitabu cha serikali cha takwimu za elimu, kina jedwali la walioacha shule na sababu zake, na utoro utaukuta umeandikwa kama sababu, sasa wewe usiishie hapo, kamuulize mzazi na mwalimu huo utoro wenyewe umeletwa na nini.

Na kwa vile haziazimwi, omba ruhusa upige picha kurasa zako pamoja na ule ukurasa wa nyuma ya jina la kitabu wenye mwaka na toleo, wengi wanausahau alafu wanapanda tena daladala kuja kutafuta mwaka tu.