Shelfu la vitabu lisiguse ukuta, dada, msimamishe fundi kwanza

Rangi za vitabu tutazungumza baadaye. Mpigie fundi aache kukata bodi, mchwa watakumalizia vitabu, kisha urudi usome.

Umesema nyumba iko Kigamboni, shelfu litakaa kwenye ukuta wa nje wa sebule, bodi za MDF kutoka sakafuni mpaka dari, libanwe ukutani kwa skrubu na kuzibwa pembeni kwa silikoni lionekane limejengwa pamoja na nyumba. Halafu ukauliza vitabu vipangwe kwa rangi au kwa urefu, taa zikae wapi, na mmea gani utapendeza. Nilipofika kwenye silikoni mwili ulinisisimka. Langu lilikuwa hivyo hivyo.

Mpambaji tuliyemlipa alikuja na picha za nyumba za Ulaya kwenye simu, akasema mwanya nyuma ya shelfu ni ushamba, unakusanya vumbi. Fundi naye akaapa kwamba mchwa hawali MDF kwa sababu ya gundi. Uongo mtupu! MDF ni nyuzi za mbao zilizokandamizwa pamoja na gundi. Mchwa anatafuta selulosi, na humo imejaa, tena imeshasagwa. Mchwa huyu anatoka ardhini, anapenya kwenye ufa mdogo pale sakafu inapokutana na ukuta. Mwanga anaukimbia na hewa kavu inamuua, ndiyo maana hujijengea njia za udongo akipita mahali pa wazi. Shelfu lililobanwa ukutani linampa giza na unyevu bure. Anapanda mpaka juu, anatoboa bodi ya nyuma, anaingia kwenye vitabu, na wewe uliyekaa kwenye kochi huoni kitu.

Kwa mbele shelfu lilikuwa zuri mno, wageni wanasifia. Katikati ya masika mwanangu akavuta kitabu cha babu yake, mgongo wa jalada ukabaki mkononi. Kurasa hazikuwepo. Kulikuwa na udongo wa kahawia, mbichi bado, umeshika umbo la kitabu kabisa, na mchwa weupe wanakimbilia ndani. Nikavuta cha jirani, hivyo hivyo. Safu nzima ya chini ilikuwa majalada yaliyosimama mbele ya udongo.

Baba alikuwa mwalimu, alifundisha kisomo tangu 1970, mwaka ambao Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Vitabu vilikuwa vyake, vingine vya East African Literature Bureau, shirika la kuchapisha vitabu ambalo halipo tena. Hata ningebahatika kuvipata kwa wauza vitabu chakavu, maneno aliyoyaandika baba pembeni ya kurasa kwa penseli hayarudi. Nilimpigia yule mpambaji. Akanishauri niweke mimea yenye harufu. Mimea! Kwa hiyo na wewe huo mmea weka dirishani, maji ya kumwagilia yasikaribie vitabu.

Sasa shika hili hata kama utasahau mengine yote: shelfu lisiguse ukuta na bodi zake zisiguse sakafu. Nyuma acha inchi mbili, chini weka miguu ya inchi nne au zaidi, ufagio upite na tochi ione mpaka kwenye kona. Kama ni refu na una watoto, ni lazima lishikwe lisianguke, basi tumia vyuma viwili vya pembe kule juu, vilishike huku mwanya ukibaki. Mchwa wakijaribu kupita juu ya chuma utaiona njia yao ya udongo. Mulika kila mwezi, na wakati wa masika na vuli kila wiki. Ukiona mstari wa udongo unapanda kwenye mguu, usiufagie tu ukalala, wataujenga upya. Fuata ulikotokea, umwite mtu wa dawa ya mchwa apige kwenye msingi na huo ufa.

Kuna mdau aliyekujibu kabla yangu amekushauri upake shelfu oili chafu kuzuia mchwa. Usithubutu, itaingia kwenye karatasi na sebule itanuka gereji.

Kama bajeti inaruhusu, nenda Keko, kwa mafundi wa samani hapa Dar, uulize mninga au mtiki, na uangalie ubao wenyewe: kiini chenye rangi iliyokoza ndicho kinachowashinda mchwa, ile sehemu nyeupe ya pembeni wanaila kama kawaida. Paini isiyotiwa dawa achana nayo. Lakini hata ukipata mninga safi, mwanya uwepo, maana mninga haulindi karatasi. Ukibaki na MDF ya milimita 18, usiache zaidi ya sentimita 60 bila nguzo, vitabu ni vizito, itapinda.

Kupanga kwa rangi au kwa urefu, panga upendavyo. Ila vitabu vyenyewe pia visisukumwe mpaka nyuma, na usivibane sana, pwani hii hewa isipopita vinaota ukungu.

Fundi akikuambia mwanya unaharibu muonekano, mwambie apake ukuta wa nyuma na shelfu rangi moja iliyokoza. Ukiwa umekaa hutauona. Na silikoni, kama risiti unayo, irudishe dukani.