Wasomaji Wanauliza: Imani Katika Ugonjwa Mzito

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa miaka 46, figo zimefeli, nasafishwa damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Usharika wetu unaanza siku 40 za kufunga na kuomba. Mwenzangu wa kikundi cha maombi ananiambia nikifunga kavu mpaka jioni, Mungu atazifungua figo. Nifunge? (Morogoro)

Kavu usifunge, mama. Wengi hudhani hatari ya mfungo kwa mgonjwa wa figo ni kiu, lakini kiu wewe umeshaizoea. Kwa kawaida wagonjwa wa hali yako huruhusiwa maji sawa na mkojo wanaoutoa kwa siku, na kuongeza kama nusu lita. Hatari kubwa iko jioni, saa ya kufungua. Mwili ulioshinda na njaa unadai vyote kwa mpigo: tende, ndizi mbivu, juisi, dafu. Vyote hivyo vina potasiamu nyingi, madini yaliyomo kwenye vyakula, na figo zilizokuwa zikiitoa zimelala. Ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo, na moyo unaweza kusimama bila dalili yoyote ya kukuonya. Maji uliyoyanywa kwa pupa nayo hayana pa kutokea. Hujaa miguuni, kisha kwenye mapafu. Kama una kisukari na unachoma insulini, ongeza na hatari ya sukari kushuka mchana.

Tazama na ratiba yako. Ukitoka kwenye mashine Ijumaa, hurudi mpaka Jumatatu. Hilo ndilo pengo refu la wiki, na kwa wanaosafishwa mara tatu ndilo lenye hatari kuliko siku nyingine. Chakula cha Jumapili baada ya ibada kinaangukia humo humo! Ukialikwa, chukua wali, ziache ndizi za kupika. Viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, maji yale yamwagwe, ndipo viungwe. Chumvi mbadala zinazouzwa kwa wagonjwa wa presha usiziguse, kwa kuwa nyingi hutengenezwa kwa potasiamu.

Wala usikose mashine kwa sababu ya maombi. Kikao huchukua kama saa nne, na Injili ya Marko yote husomeka ndani ya muda huo. Mkono wenye fistula, yaani mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine, uache utulie, Biblia ishike kwa mkono mwingine au isikilize kwenye simu.

Mfungo wenyewe hukuukosa. Sheria ya Wakatoliki huwadai walio na miaka 18 hadi 59 na huwaachia wagonjwa. Kwa Walutheri hakuna sheria ya kumlazimisha mtu afunge. Isaya 58 inasema mfungo ni kumgawia mwenye njaa chakula chako, na hilo halihitaji figo nzima. Tena wewe unafunga mwaka mzima: chumvi, maji, maembe. Mwambie hivyo mwenzako, kwa upole kama utaweza.

Mke wangu anapigwa mionzi ya saratani ya titi. Kila asubuhi kabla ya kwenda hospitali tunampaka mafuta ya upako pale penye uvimbe. Nesi ametukataza. Tumsikilize nani? (Mbagala)

Msikilizeni nesi. Mafuta mazito yakipakwa muda mfupi kabla ya mionzi yanaweza kuongeza dozi inayoishia kwenye ngozi, na ngozi ikaungua zaidi. Mengi ya mafuta hayo yana manukato, ambayo huwasha ngozi iliyokwisha kudhoofika. La tatu ni lile ambalo familia hazilijui: kusugua kunafuta alama za wino zinazoonyesha mionzi ilenge wapi. Zikififia msizichore upya kwa kalamu ya nyumbani, rudini kwa mtaalamu wa mionzi.

Yakobo 5:14 inasema wazee wamwombee mgonjwa na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Haisemi yapakwe juu ya uvimbe. Mpakeni kwenye paji la uso, inatosha kabisa.

Tumsifu Yesu Kristo. Baba yetu ana saratani ya koo la chakula, maumivu ni makali. Amekataa morfini, anasema Yesu msalabani alikataa divai yenye manemane. Na sisi watoto tunaogopa asije akawa teja. (Moshi)

Andiko analolitaja ni Marko 15:23, na analinukuu sawasawa. Asome na Yohana 19:29-30, ambapo Yesu anapokea siki kabla ya kukata roho. Na hakuna mahali alipowaagiza wagonjwa waikatae dawa; wagonjwa waliomjia aliwaponya. Papa Pius XII, akizungumza na madaktari tarehe 24 Februari 1957, alisema Mkristo anaweza kwa hiari yake kuyabeba maumivu, lakini halazimiki, na kutumia dawa za kuyatuliza ni halali. Neno zito hapo ni hiari. Mtu ambaye hajalala siku tatu hana nafasi ya kuchagua, maumivu ndiyo yanayomchagulia. Mwombeni paroko amwambie haya mwenyewe, maana kwa mzee wa namna hiyo neno la padre hupita la watoto.

Kuhusu uteja: mgonjwa wa saratani anayepewa dozi iliyopimwa na daktari kwa ajili ya maumivu ni nadra awe teja. Mwili huizoea dawa, ndiyo, na kwa hiyo haiachwi ghafla. Kuizoea si uteja.

Kinachoharibu kazi nyumbani ni kusubiri mzee alie ndipo apewe. Morfini ya maji hufanya kazi kwa saa nne hivi, kwa hiyo hufuata saa: 12 asubuhi, 4 asubuhi, 8 mchana, 12 jioni, 4 usiku. Mara nyingi daktari huagiza dozi ya saa 4 usiku iwe mara mbili ili mgonjwa alale mpaka alfajiri; msiiongeze bila kuagizwa. Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kijiko cha chai hakipimi sawa. Someni chupa kila mnapoletewa mpya, kwani nguvu hutofautiana.

Dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile ya kwanza. Wengi hukataa morfini baadaye kwa sababu ya choo kigumu, wala si kwa sababu ya imani. Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Lakini akiwa haamshiki, au anapumua polepole mno, mkimbizeni hospitali. Na kama figo zake zina shida, daktari ajue kabla, maana morfini hujilimbikiza.

Huyo huyo baba: chakula kigumu hakipiti tena. Komunyo je?

Padre aambiwe mapema. Kipande kidogo sana cha Hostia kinatosha, kikifuatwa na maji. Hicho nacho kisipopita, Kanisa linaruhusu apewe Damu ya Kristo peke yake, matone machache kwa kijiko, na hilo linahitaji maandalizi. Akae wima, si kulala chali. Akipaliwa hata na maji, msijaribu. Badala yake afanye komunyo ya tamaa, yaani sala ya kumpokea Yesu moyoni. Ile saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo haimbani mgonjwa, wala ninyi mnaomuuguza. Mpako wa Wagonjwa nao msiungoje mpaka akate kauli. Hutolewa mtu akiwa na ugonjwa mzito, na hali ikizidi kuwa mbaya unaweza kurudiwa.

Niko kwenye dripu za saratani ya damu. Nikipiga magoti hakuna neno linalotoka. Nadhani imani imeisha. (Kisumu)

Kwanza inuka hapo chini. Dawa hizo huchosha mpaka mifupa, na hakuna aliyekuagiza magoti. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Ya 88 haigeuki. Inaishia gizani, na ni sala vilevile. Eliya naye katika 1 Wafalme 19 aliomba afe. Malaika hakumhubiria, alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili.

Fungamanisha sala na saa za dawa: kidonge mkononi, sentensi moja, basi. «Bwana, unirehemu» inatosha kwa mwezi mzima. Siku ambayo hata hiyo haitoki, mtu mwingine aseme Baba Yetu kando yako. Yule mwenye kupooza wa Marko 2 alibebwa na watu wanne, na Yesu aliiona imani yao wao.

Kuna jambo la kuchunguza pia. Ukipita wiki mbili hufurahii chochote, hulali, unajiona huna thamani, huenda ni sonona, ugonjwa wa huzuni nzito, nao hutibika. Mwambie daktari wako wa saratani, asiishie kujua habari za damu tu. Ukianza kufikiria kujidhuru usingoje tarehe ya kliniki: mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo, na mfuatane hospitali.