Re: Bermuda ya uwani imekauka yote, ning'oe au inafufuka?

Mkuu mleta mada, maelezo yako nimeyasoma yote. Kwa waliochelewa: jamaa kahamia nyumba huko Goba, imekaa bila mtu muda mrefu, uwani kuna bermuda (majani ya bustani ya kutambaa) iliyokuwa imepandwa vizuri ila sasa hivi imebaki rangi ya makuti, kuna vipara, kuna ndago, kona moja mwembe umeifunika, na fundi bustani kamwambia yote ing'olewe wanunue majani mapya ya kutandika. Anauliza ang'oe au inafufuka, na kama mbegu za dukani zinafaa, na anasema hajawahi kushika hata reki.

Mimi nasema huyo fundi usimpe hata advansi. Hapa kwangu Kigamboni nilikuta hali hiyohiyo, mchanga mtupu na maji ya kisima yenye chumvichumvi, na leo watoto wanacheza pekupeku. Sikununua hata mita moja ya majani mapya.

Bermuda ndiyo ukoka huuhuu tunaoujua. Kwao ni huku Afrika, Wamarekani wameuchukua wakauzalisha kwenye viwanja vya gofu na vya mpira, ile aina maarufu ya Tifway 419 ilitoka kule Tifton, Georgia mwaka 1960, na ndani yake kuna damu ya ukoka mwingine wa Afrika Kusini. Sasa muulize mkulima yeyote wa mahindi anavyohangaika na ukoka, analima, anauokota, anauanika juani, mvua ikinyesha mara moja unarudi. Jani la namna hiyo haliwezi kuisha eti kwa sababu mpangaji kahama. Likikosa maji linajifungia, juu linakauka, chini ya ardhi mashina yanasubiri. Kinachouua ukoka kweli ni kivuli, na hapo kwenye mwembe nitarudi.

Kabla hujafanya chochote hakikisha kuwa uko hai. Chukua koleo, kata kipande cha mraba ukubwa wa kiganja, kina cha vidole vinne hivi, kinyanyue na udongo wake ukiangalie ubavuni. Juu utaona majani makavu, chini yake tabaka la nyuzi za kahawia zilizosukana kama katani, afu ndani ya udongo mashina meupe meupe yenye vifundo. Hayo ndiyo unayoyatafuta. Chukua moja ulikwaruze kwa ukucha, likiwa na rangi ya maziwa au kijani kwa ndani na unyevu kidogo, hilo liko hai, na ukiangalia vizuri pale kwenye kifundo mara nyingi kuna kichipukizi kimechongoka kama ncha ya sindano. Likikatika pwa! na ndani kumekauka kahawia tupu, hilo ndiyo basi tena. Fanya hivyo sehemu nne tano, usipime sehemu moja ukakata tamaa. Ukitaka uhakika zaidi chagua eneo dogo la mita moja kwa moja, limwagilie kila jioni wiki mbili, kama kuna uhai utauona kwa macho.

Ile sehemu ya nyuzi za kahawia ndiyo ugonjwa wenyewe wa bustani zilizotelekezwa. Ikifika unene wa zaidi ya sentimita moja, maji unayomwaga yanaishia humo humo, mizizi nayo inapanda kuyafuata huko juu badala ya kushuka, na jua kali la Januari likija inakaangika. Watu wanamwaga mbolea juu ya hilo zulia wanashangaa mbona hakuna kitu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kukata chini kabisa, na naposema chini namaanisha chini, sentimita moja mbili kutoka ardhini mpaka uone udongo, na itatisha, mke wako atakuuliza umefanya nini, wewe kausha tu. Usianze na mashine kama yamerefuka, utaiua mota bure. Pitisha fyekeo kwanza, okota, ndiyo upitishe mashine mara mbili, ya pili ukiwa umeishusha mpaka mwisho. Halafu chukua reki ya chuma (siyo ile ya plastiki ya kuzolea majani ya mwembe), vuta kwa nguvu kwenda na kurudi, kisha vuta tena kwa kukatisha. Zitatoka takataka mpaka ushangae zilikuwa zimekaa wapi, viroba na viroba. Hii ndiyo siku ngumu kuliko zote, kama una vijana wa kukusaidia walipe siku hiyo. Takataka hizo usizimwage kwenye bustani ya mchicha, kila kipande chenye kifundo kinaota, utakuja kunilaumu.

Muda wa kufanya hivi ndo watu wengi wanachemka. Kwa Dar na Pwani subiri masika iwe inakaribia, mwanzoni mwa Machi, au vuli ikianza Oktoba mwishoni. Ukikata chini hivyo Julai katikati ya kiangazi na maji ni ya kununua kwa boza, umejitafutia kesi. Walioko Njombe, Makambako na Mufindi nao wajue Juni na Julai ukoka unakuwa kahawia kwa baridi tu, hauumwi, waache wasubiri joto lirudi.

Ardhi ikiwa ngumu, yaani imekanyagwa na magari mpaka msumari hauingii, chukua uma wa bustani uchome chini kina cha sentimita kumi, utikise kidogo, usogee hatua ndogo uchome tena. Huku kwetu ni mchanga, sikuhitaji kuchoma. Udongo wa mfinyanzi utahitaji sana, na fanya siku moja baada ya mvua, siyo wakati umekauka wala wakati ni tope.

Mbolea sasa. Hapa watu ama hawaweki kabisa ama wanamwaga kama wanalisha kuku. Ukoka unakula nitrojeni kuliko kitu kingine, na kipimo kinachotumika sana ni gramu 5 za nitrojeni kwa mita ya mraba kwa awamu. Urea ina asilimia 46 ya nitrojeni kwa hiyo inakuja karibu gramu 11 za urea kwa mita ya mraba, yaani vifuniko viwili vya soda, maana kimoja kinabeba kama gramu 5. Uwanja wa mita 10 kwa 10 ni kilo moja na kidogo tu. Duka la pembejeo wanapima kwa kilo, huna haja ya mfuko wa kilo 50. Ukikosa urea chukua CAN, mbolea nyingine ya nitrojeni, yenyewe iwe gramu 18 mpaka 19 kwa kuwa nguvu yake ni kama asilimia 26 au 27. Gawa mafungu mawili, moja rusha ukienda kwa urefu, la pili kwa upana, hapo hutapata mistari ya kijani na njano. Majani yawe makavu wakati unarusha, na ukimaliza mwagilia palepale, urea ikilala juu bila maji sehemu yake inapotea hewani na ikishika jani bichi inaliunguza. Usiweke siku ileile uliyokata chini, subiri uone vichipukizi vya kijani vimetoka ndiyo ulishe, baada ya hapo rudia kila mwezi kipindi cha mvua, kiangazi pumzisha. Samadi iliyooza vizuri nayo ni nzuri ila ile mbichi kutoka bandani ni shehena ya mbegu za magugu, mimi siitaki uwanjani.

Maji: lenga milimita 25 kwa wiki pamoja na mvua. Weka makopo matupu mawili matatu uwanjani wakati unamwagilia, yakifika kina hicho umetosheleza. Kwa mita 100 za mraba ni lita 2,500, yaani uniti mbili na nusu kwa wiki, hiyo bili piga hesabu mwenyewe. Na umwagilie mara mbili kwa wiki kwa kushibisha, achana na ule utaratibu wa kila jioni dakika tano na mpira huku unaongea na simu, huo unalea mizizi ya juujuu. Wiki za kwanza baada ya kukata, na kwenye vipande vipya vya kupandikiza, hapo ndiyo unamwagilia kila siku kidogo kidogo. Wenye visima vya chumvi kama sisi msiogope sana, ukoka unavumilia chumvi kuliko majani mengi ya bustani.

Vipara ni kazi rahisi. Pembeni ya pevingi na kwenye mitaro ukoka wako umeshatoroka, si ndiyo? Hiyo ndiyo mbegu yako ya bure. Vuta hayo mashina yanayotambaa, kata vipande vyenye vifundo vitatu vinne, lainisha udongo wa kipara, panda kwa kufukia sehemu kubwa na kuacha ncha nje, nafasi ya shubiri moja, kanyaga kwa mguu, mwagilia. Mvua ikiwa nzuri miezi miwili mpaka mitatu huoni kipara kilikuwa wapi. Mabonde madogo yajaze mchanga kidogo kidogo, usizidishe sentimita moja kwa mara, ncha za majani lazima zibaki zinaonekana. Kuna watu wanaagiza kirikuu nzima ya udongo mwekundu wanafunika uwanja wote, halafu hawana majani miezi sita.

Magugu. Ya majani mapana ukikata mara kwa mara na ukoka ukishiba mengi yanajiondokea, yaliyobaki yang'oe kwa mkono mvua ikiwa imenyesha. Kuna dawa ya 2,4-D inayoua majani mapana na kuacha nyasi, inafanya kazi, ila ikipeperuka kwa upepo inakwenda kukunja nyanya na mipapai ya jirani, na jirani wa Goba unamhitaji. Dawa ya glaifoseti ndo usithubutu, hiyo haichagui, inaua na ukoka wenyewe. Ndago ni habari nyingine. Utaijua kwa shina lake, lizungushe kwenye vidole utasikia pembe tatu. Chini ina viazi vidogo vilivyoungana mnyororo, ukivuta shina unakatika mnyororo na vile viazi vilivyobaki kila kimoja kinaamka. Mimi naichimbua kwa kisu kirefu ikiwa bado changa, majani matatu manne, narudia kila ikitokea mpaka viazi vichoke. Haishi yote, nisikudanganye, lakini ukoka ukiwa mnene inabaki ya kuhesabika.

Sasa mwembe. Ukoka unataka jua la moja kwa moja kwa muda wa masaa sita na zaidi kwa siku. Hiyo kona hata ufufue, hata upande upya, utarudi palepale na hapa ndipo fundi wako angekula hela yako mara mbili. Una njia mbili, punguza matawi ya chini jua lipenye, au kubali kona hiyo siyo ya bermuda, weka lile jani pana linalovumilia kivuli, Wakenya wanaliita Pemba grass, au weka kokoto na viti, ukae unakula embe.

Jambo moja la kuwa nalo macho, mvua za kwanza zikianza wanaweza kuja viwavijeshi, hao weusi wenye mistari. Ukoka ni mboga yao. Ukiona ndege wameshuka ghafla wanadonoa uwanja wote, au sehemu imekuwa kahawia ndani ya siku mbili wakati maji yapo, piga magoti uangalie. Mwaga ndoo ya maji yenye sabuni kidogo ya kuoshea vyombo kwenye eneo dogo, kama wapo watapanda juu wenyewe. Wakiwa wachache waachie kuku. Wakiwa jeshi kweli utahitaji dawa ya wadudu, ila hata wakikuwahi wanakula majani tu, mashina ya chini yanabaki na uwanja unarudi.

Baada ya hapo ni kukata tu. Sentimita tatu mpaka nne kwa mashine ya kawaida, na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Kipindi cha mvua hiyo maana yake ni kila wiki, ukisubiri wiki tatu ukakuta limefika magotini ukalishusha ghafla unarudi kwenye ukahawia. Noa kisu. Jani likikatwa na kisu butu ncha inachanikachanika na kuwa nyeupe, ukisimama mbali unadhani bustani ina ugonjwa.

Kuhusu mbegu za dukani: zinaota, ila ukoka wa mbegu ni ule wa kawaida, na kama uliopo uwanjani kwako ni wa chotara wenye jani jembamba (Tifway na ndugu zake hazitoi mbegu inayoota, zinapandwa kwa vipande tu) utapata mabaka ya rangi mbili yanayoonekana mpaka getini. Kwa hiyo weka picha ya jani ukiwa umelishika mkononi, na upana wake karibu na rula, tuone ni lipi, kabla hujaenda Kariakoo kununua.